Ufunguo Mfukoni

Mwaka jana nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wanafunzi iliyoandaa Siku ya Wazazi na Wanafunzi wa Zamani hapa shuleni petu. Wengi wenu mlikuwapo. Mliokuwapo mmekwisha nisamehe, au mwasema hivyo kwa adabu. Na wasiokuwapo wamehadithiwa na wenzao. Nimeona yafaa nieleze mwenyewe jinsi mambo yalivyoharibika, na jinsi mzee mmoja wa Burgao alivyonionyesha kosa langu lilipokuwa, ili watakaoishika kazi hii baada yangu wasitumbukie shimo lile lile.

Kamati yetu ilikuwa na watu 9. Katika mkutano wa kwanza niligawa kazi zote kwa majina: huyu viti, huyu chakula, huyu kwaya, huyu barua za mwaliko, huyu kupokea wageni. Niliandika yote katika daftari langu jekundu, nikawasomea, nao wakakubali. Mtu angaliniona siku ile angalidhani najua kuongoza. Kumbe kazi niliigawa kwa mdomo tu. Moyoni niliishika yote mwenyewe.

Kila jioni nilizunguka nikikagua. Kwaya walipochagua wimbo, niliubadili. Mwenye barua aliandika 20, nikazichana 6 kwa kuwa mwandiko haukunipendeza, nikakesha kuziandika upya. Nilijisifu ya kwamba nafanya kazi kuliko wote, na ilikuwa kweli. Nilikonda, nikasinzia darasani. Mtu akiniuliza kwa nini sipumziki, nilikuwa na methali tayari mdomoni: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kazi ya viti nilimpa rafiki yangu, ambaye tumelala bweni moja tangu kidato cha kwanza. Ni mtu wa maneno machache. Siku mbili kabla ya sherehe alivipanga viti 300 kwa nusu duara chini ya miembe, akisaidiwa na wavulana wa kidato cha kwanza. Nilipofika nilisema mbele yao wote ya kwamba huo si mpango. Viti vya wageni hupangwa kwa mistari iliyonyoka, kama darasani. Alinitazama kitambo, kisha akaanza kuviondoa. Hakujibu neno. Jioni viti vikarudishwa ghalani kwa kuogopa mvua, nami nikaufunga mlango kwa mkono wangu na ufunguo nikautia mfukoni.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamua kwenda mjini mwenyewe kuchukua mikate na nyama. Mwenye kazi ya chakula alikuwa amekwisha jitayarisha, hata viatu amevaa. Nilimwambia abaki, kwa maana niliogopa atapunjwa. Nilipokuwa nikipanda lori, rafiki yangu alikuja mbio akasema, "Niachie ufunguo wa ghala." Nikamjibu, "Subiri, narudi upesi." Sababu ya kumnyima niliijua vema: niliogopa atavipanga nusu duara tena.

Tulipokuwa tukirudi, gurudumu la lori likapasuka, na lile la akiba halikuwa na upepo. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu, na dereva hakuwa na namba ya mtu yeyote shuleni. Nikakaa kando ya barabara, mikate magotini, ufunguo mfukoni, daftari jekundu mkononi. Hapo ndipo nilipong'amua ya kwamba sherehe nzima ilikuwa imeketi nami pale kando ya barabara.

Nilifika shuleni yapata saa 7. Wageni walikuwapo tangu saa 3. Akina mama waliketi majanini juu ya leso zao, na wazee walisimama wakiegemea miembe. Vikombe vilikuwa ghalani pamoja na viti, kwa hiyo watu walikunywa maji ya bomba kwa viganja vyao. Kwaya hawakuimba, kwa sababu ratiba ilikuwa katika daftari langu peke yake, na kila mtu aliogopa kuanza jambo pasipo mimi. Wenzangu wa kamati walikuwa wamesimama mlangoni pa ghala kama watu waliofiwa.

Lililoniuma zaidi ni hili. Miongoni mwa wageni alikuwapo mzee mmoja, mwanafunzi wa zamani sana, aliyesafiri usiku kucha ili aje azungumze na kidato cha nne. Alingoja hata saa 6, kisha akaondoka asije akakosa basi la kurudi. Alituachia salamu tu. Ndugu zetu wale wa kidato cha nne wamemaliza shule bila kumsikia.

Jioni ile nililaumu lori. Mwalimu mlezi wa kamati alinisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Lori halikuwa na ufunguo." Akaniambia nikasome Kutoka sura ya 18, habari za Yethro, mkwewe Musa. Nikasoma. Yethro alimkuta Musa ameketi peke yake tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, akamwambia jambo hilo si jema, atajichosha yeye na kuwachosha watu. Akamshauri achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na yale mazito tu yaletwe kwake. Niliisoma mara mbili. Niliielewa kama mtu anavyoelewa hesabu aliyoifanya mwenziwe ubaoni: nilikubali jibu, lakini mkono wangu haukujua njia. Huku bwenini nilikuwa nimepata jina jipya, "Mwenyekiti Bila Viti." Na rafiki yangu alikuwa haniambii ila salamu.

Likizo ikafika. Nilipanda basi hata Mokowe, nikavuka kwa mashua kwenda Lamu, anakokaa babu yangu mzaa baba. Babu ni Mbajuni wa Burgao. Wale wasiopajua Burgao watapaona katika ramani kusini ya Kismayu, nchini Somalia. Ni bandari ya asili, mahali bahari inapoingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, na ndani mna maji matulivu na mikoko. Waingereza walipaita Port Durnford, wakapatawala pamoja na nchi yote ya Jubalandi hata mwaka 1925, walipoikabidhi Italia. Kaskazini yake, baharini, viko visiwa vya Wabajuni: Chula, Chovai, Koyama na vinginevyo. Hao ndio watu waliosifika kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Babu alizaliwa huko kabla ya Somalia kupata uhuru mwaka 1960, wala hajarudi tangu mwaka 1991.

Nilimsimulia aibu yangu jioni moja barazani. Nilidhani atanionea huruma. Alicheka, kisha akaniuliza, "Umepata kuona chombo kikishuliwa?"

Nikasema sijaona.

"Burgao," akasema, "chombo kikiisha kuundwa, hakishuki majini kwa nguvu za mwenyewe. Mji mzima huitwa. Siku kadhaa mbele, mwenye chombo hupita nyumba kwa nyumba. Kuna mzee wa kuhesabu mwezi, ajuaye bamvua itaangukia siku gani, kwa maana maji yakiwa haba chombo kitakwama. Kuna vijana wa kukata magogo ya kukiviringishia. Kuna fundi wa kutazama kalafati. Kuna akina mama wa wali na samaki. Na kuna mtu mmoja wa kuongoza wimbo, wengine wakiitikia, ili mikono 60 ivute kwa pamoja. Sasa niambie, mwenye chombo mwenyewe hufanya nini?"

Nikasema, bila shaka hushika kamba mbele ya wote.

"Haigusi," akasema Babu. "Husimama kando. Mwenye kushika kamba haoni kitu ila mgongo wa mwenziwe. Aliyesimama kando huona chombo kikianza kulala upande mmoja, huona gogo lililopasuka, huona mtoto aliyepita mbele ya mkuku. Neno lake moja huokoa mtu. Akiingia kuvuta, ameongeza mikono miwili na kupunguza macho mawili. Basi ni hasara."

Nikamtajia methali yangu ya manahodha wengi. Babu akasema ni methali ya kweli, ila mimi nimeielewa vibaya. "Nahodha akivuta tanga, akapika, akafua maji, akashika na shikio, chombo kile hakina manahodha wengi. Hakina hata mmoja." Akaongeza ya kwamba Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mungu ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. "Mtume wa Mungu ameomba msaidizi, wewe mwenye viti mia tatu wamkataa wako?" Nilistaajabu kuona ya kwamba mwalimu wangu na babu yangu, ambao hawajapata kuonana, walinipeleka kwa Musa yule yule, kila mmoja kwa kitabu chake.

Kisha akanyamaza kidogo, akanisimulia jambo ambalo sikuwa nimelisikia, ijapokuwa ni la nyumbani kwetu.

Mwezi wa Januari mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na vita vikashuka hata Kismayu na pwani ya kusini. Wabajuni ni wavuvi, hawakuwa na jeshi la kuwalinda. Waliporwa mali na vyombo, na wengi wakakimbilia Kenya kwa njia ya bahari. Babu aliondoka Burgao usiku, kaskazi ikingali yavuma, katika mashua moja yenye watu 31. Nahodha alikuwa mzee jirani yao. Watu walikuwa na hofu, kila mmoja akitaka kung'oa nanga mara moja, lakini yule mzee hakukubali kuondoka kabla ya kugawa kazi. Mama mmoja alikabidhiwa maji, akaambiwa kila mtu apate kata moja asubuhi na moja jioni, wala nahodha mwenyewe asiongezwe. Vijana wawili walipewa kufua maji ngamani. Bibi mmoja alipewa watoto wote, wawe wake au si wake. Babu, aliyekuwa kijana mwenye nguvu wakati ule, alipewa shikio. Kisha nahodha akamwonyesha nyota atakayoifuata, akamtajia moja moja miamba ya kuikwepa karibu na Ras Kiamboni. Babu akamwuliza, "Wanitajia ya nini, nawe upo?" Mzee akajibu, "Nakutajia ningali nipo."

Usiku ule ule nahodha alishikwa na homa kali, akalala hajui mchana wala usiku. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye maji aligawa maji, wenye kufua walifua, na babu aliipita Ras Kiamboni kwa maneno aliyoambiwa. Waliipita Kiunga, na alfajiri ya tatu wakaingia Lamu. "Nahodha alifika amelala," akasema Babu, "lakini alifika. Na mimi nikafika, na baba yako akafika, naye alikuwa mtoto mapajani mwa yule bibi. Lau yule mzee angaliyaweka yote kichwani mwake, tungalipotea pamoja na kichwa chake."

Niliutia mkono mfukoni. Hapakuwa na ufunguo, lakini niliuona mzito.

Lilibaki swali moja, nalo ndilo lililokuwa chini ya kiburi changu siku zote. Nikauliza, "Je, Babu, nikimpa mtu kazi akaiharibu?"

Akanieleza habari za taza. Huyu ni samaki mwenye kibandiko juu ya kichwa, ambaye hujishikiza kwa papa na kasa. Wabajuni wa zamani walimtumia kumvulia kasa: walimfunga uzi mkiani, wakamwachia majini karibu na kasa, naye akaenda kujibandika, wakavuta. Siku hizi kasa analindwa kwa sheria hapa Kenya, wala simshauri mtu kujaribu. Lakini funzo halijakatazwa. "Uzi ukiukaza," akasema Babu, "taza hafiki. Atazunguka papo hapo ubavuni mwa dau, nawe utasema hana kazi. Ukiutupa wote ukaenda kulala, umepoteza taza na kasa. Wauacha uzi uende, ncha yabaki mkononi. Hapo wangoja."

"Na akirudi mtupu?"

"Wamlisha. Kesho wamtuma tena."

Muhula huu wa kwanza tuliwaalika wenzetu wa shule jirani kwa mdahalo, wageni 60, na mwalimu mlezi akanipa tena kazi ya kuongoza maandalizi. Jambo la kwanza nililofanya si kuitisha mkutano. Nilikwenda kwa rafiki yangu nyuma ya bweni, akifua nguo, nikamwomba radhi kwa habari ya ufunguo. Akaendelea kufua. Kisha akasema, "Ufunguo si kitu. Uliniambia nipange, kisha ukanipanga mimi." Ndilo neno refu aliloniambia tangu siku ile. Nikachukua shati moja katika ndoo nikaanza kulisuuza, naye hakunizuia.

Sasa nitawaeleza wadogo zangu tulivyofanya safari hii. Kwanza, kila mtu alipewa kazi nzima, si kipande. Sikumwambia mwenye chai anunue majani kiasi gani. Nilimwambia wageni 60 wapate chai saa 4, basi. Pili, pamoja na kazi nilitoa vitu vyake: mwenye chai alipewa fedha, na mwenye viti alipewa ufunguo. Kumpa mtu kazi ukamnyima ufunguo ni kumpa shikio ukamfunga mikono. Tatu, kila kazi ilijulikana na watu wawili, kama ile miamba ya Ras Kiamboni, na ratiba iliandikwa mara nne ikabandikwa mahali pa watu wote. Nne, tulipatana siku mbili za kuulizana, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine nilikatazwa kuuliza, na mara mbili walinifukuza.

Sitasema ya kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Chai ilitiwa tangawizi nyingi mno, hata mgeni wa kwanza aliyeionja akakohoa na machozi yakamtoka. Miguu yangu ilikwisha anza kwenda jikoni. Nikajizuia, nikakaa juu ya mikono yangu kama mtoto. Mwenye chai mwenyewe akaona, akaongeza maziwa na sukari, na wageni wakacheka, wakaomba kikombe cha pili. Laiti ningaliingia jikoni, chai ingalipoa na kijana yule asingalijua ya kwamba aweza kulitengeneza kosa lake.

Rafiki yangu alivipanga viti nusu duara. Nilinyamaza. Mdahalo ulipoanza niliketi, jambo ambalo sikupata kulifanya mwaka jana, na kwa kuwa viti vilikuwa vimekunja, niliweza kuona nyuso za wote waliokuwa wakisema na za wote waliokuwa wakisikiliza. Katika mistari iliyonyoka ningaliona visogo. Hapo nilimkumbuka babu na mgongo wa mwenye kushika kamba.

Yako mambo nisiyoweza kuyatengeneza. Yule mzee aliyengoja hata saa 6 nimemwandikia barua kuomba radhi na kumwalika tena, bado sijapata jibu. Nao wale wa kidato cha nne wamekwisha tawanyika. Kosa la mwenye kuongoza lina ubaya huo, ya kwamba haliwapati wenye kosa peke yao.

Siku ya Wazazi na Wanafunzi wa Zamani ya mwaka huu yakaribia. Mimi si mwenyekiti tena; nimepewa kupokea wageni langoni, na kazi hiyo yanitosha. Basi, ndugu zetu wa zamani, karibuni sana. Mkifika msiniulize viti viko wapi, maana sijui. Mwulizeni kijana wa kidato cha pili mtakayemwona amevaa ufunguo shingoni kwa uzi. Na akiwaketisha kwa namna ambayo hamjaizoea, tafadhalini, kaeni.